Sisimizi Walijua Kabla ya Mke Wangu

Nikiambiwa leo nirudishiwe siku moja tu ya ujana wangu, sitaichagua siku niliyofunga bao wala siku niliyopata kazi. Nitaichagua Alhamisi moja alasiri, kibarazani kwetu Bofu, Likoni, siku ambayo mjomba wangu Athmani aliniambia niiache sindano yangu ya insulini nyumbani, nami nikamjibu, "Sawa, mjomba." Nitakaa palepale, juu ya jamvi lilelile, na safari hii nitasema hapana. Neno lenyewe fupi mno, mwanangu. Lingetoka kabla mjomba hajatema tambuu yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kesho yake nilikuwa naoa. Naoa nani! Hata sasa, mzee kama mimi, nikilitaja jina lake moyo unakwenda mbio: Zuhura, binti wa Kisauni. Nilikuwa karani kwenye ghala moja Changamwe, naye alikuja na baba yake kuulizia mzigo wa mikeka. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka nyumbani mbio kuwahi feri. Zuhura akanitazama miguuni, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio, akasema, "Kaka, hivyo viatu vyako havijuani." Nikatazama chini. Kimoja cheusi, kimoja cha hudhurungi, na vyote viwili vya mguu wa kushoto! Baba yake akajifanya hakusikia. Mimi nikajua palepale kwamba mtu wa kunichekea maisha yangu yote nimempata.

Lakini ngoja nianze na ugonjwa wenyewe, maana bila kuuelewa hutaielewa Alhamisi ile.

Ulinijia nikiwa kidato cha tatu. Nilikonda nikawa kama ufito, nikanywa maji mpaka mama akawa anauliza nani anauiba mtungi wake, na siku moja nikaanguka uwanjani tukiwa kwenye gwaride. Nilizindukia hospitali, upande wa kisiwani, na aliyekuwa amesimama kando ya kitanda alikuwa muuguzi mmoja mfupi, mwenyeji wa Rabai, tukimwita Sista Kadzo. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu wa zamu. Akaniuliza baba yangu alifanya kazi gani. Nikamwambia marehemu alikuwa kuli, bandarini Kilindini. Akapiga makofi kama aliyeokota kitu.

"Basi wewe utanielewa upesi! Damu yako ni meli. Chakula unachokula kinageuka sukari, na hiyo sukari ndiyo shehena. Insulini ndiyo makuli, wanaoishusha shehena na kuipeleka mjini. Sasa wewe, kijana, makuli wako wamekwisha. Hawakugoma, wamekwisha. Meli imejaa pomoni, na mjini watu wanakufa njaa. Ndiyo maana unakula na unakonda."

"Na nikiacha vitu vitamu, Sista?"

"Hata usile kabisa! Ini lako lina ghala lake. Litaipakia meli lenyewe, ulale, uamke, ufunge, ufungue. Kwa hiyo makuli wanatakiwa kila siku, na makuli wako sasa watatoka kwenye chupa hii. Haya, nirudishie nilivyosema."

Nikamrudishia neno kwa neno. Tafadhali likumbuke hilo, mwanangu, maana nitakapofika mbele nitataka kukwambia kwamba nilidanganywa, na itakuwa uongo. Nilijua. Nilifundishwa na nikafaulu mtihani nikiwa bado nimelala kitandani.

Nikajifunza kuishi. Kila asubuhi niliichemsha sindano ya kioo kwenye kisufuria ambacho mama alikitia rangi nyekundu kwenye mpini, kisije kikapikiwa uji. Friji hatukuwa nayo, basi dawa niliitia ndani ya kigudulia cha udongo, nikakizika nusu kwenye mchanga mbichi kando ya mtungi, na humo ilikaa baridi kama iko kisimani. Kupima nako kulikuwa na raha yake! Nilitia matone ya mkojo kwenye maji ya buluu ya kupimia niliyopewa hospitali, nikayachemsha juu ya moto mdogo, nikasubiri. Yakibaki buluu, nimeshinda. Yakiwa kijani, nijihadhari. Yakiwa rangi ya tofali, kazi ninayo. Nilikuwa nikishangilia peke yangu uani kama timu nzima imefunga bao. Miaka saba nikaishi hivyo, nikacheza mpira, nikamaliza shule, nikaajiriwa. Ukiniona huwezi kujua. Na hapo ndipo ubaya ulipoanzia, kwamba ukiniona huwezi kujua.

Wazee wetu walipokwenda kuposa, mjomba Athmani ndiye aliyesimama mahali pa baba. Baba yake Zuhura, mtu mpole aliyekuwa akisomesha watoto Kurani, akauliza kama wanavyouliza watu wote wenye akili: kijana wenu ana ugonjwa wowote, ana mke mwingine, ana jambo lolote tulijue mapema? Mjomba akajibu, "Mzima kama samaki aliyetoka majini sasa hivi!" Watu wakacheka, kahawa ikapitishwa. Mjomba aliporudi akanisimulia jibu hilo kwa fahari, nami nikacheka pia. Ningeweza kuvaa viatu nikaenda Kisauni siku ileile. Sikwenda.

Basi ikafika Alhamisi. Nilikuwa nimekwisha panga begi langu: kanzu mbili, kofia, mafuta ya uturi, na juu yake kigudulia changu na kisufuria chekundu. Mjomba akalichungulia begi kama mtu aliyeona nyoka.

"Hivi vya nini?"

"Dawa yangu, mjomba. Siku saba za fungate nitakuwa kule."

"Ndiyo, utakuwa kule! Nyumbani kwa watu! Chumbani na mkeo, mama mkwe yuko ukumbini, shangazi wako jikoni. Unataka asubuhi ya kwanza uombe moto wa kuchemshia sindano? Watasema binti yao wamemwozesha wodi ya hospitali."

"Sista Kadzo alisema kila siku."

"Sista Kadzo ndiye anayeoa? Ni siku saba, mpwa wangu. Hata gari hukaa siku saba bila mafuta."

"Gari lililoegeshwa, mjomba."

"Na wewe unakwenda wapi? Si utakuwa umeegeshwa chumbani!" Akacheka mpaka tambuu ikampalia. Kisha akashusha sauti, na neno lililofuata ndilo lililonimaliza. "Wakijua una sukari watasema huiwezi kazi ya ndoa. Wataanza kukuhesabia siku. Ndivyo unavyotaka?"

Mama alikuwa mlangoni, kashika ungo. "Athmani, mwachie mtoto dawa yake."

"Dada, haya ni mambo ya wanaume."

Mama akanitazama mimi, hakumtazama ndugu yake. Alikuwa akingoja nimjibu. Na mimi nikainama, nikakitoa kigudulia begini, nikakirudisha kwenye mchanga wake. "Sawa, mjomba." Moyoni nikajipangia hila yangu: sitakula kitu kitamu hata kimoja siku zote saba, sukari itatulia. Unaona, mwanangu? Somo nililolifaulu kitandani nikalifeli kibarazani, kwa sababu ya aibu tu.

Harusi ikawa harusi! Ijumaa baada ya swala ya alasiri nikaozeshwa msikitini, mikono yangu ndani ya mikono ya baba mkwe, jasho likinitoka kwa furaha. Tukatembea mpaka nyumbani kwao tukiimbiwa, watoto wakirukaruka mbele, wanawake wakitumwagia marashi kutoka madirishani. Nikaingizwa chumbani kwa Zuhura. Alikuwa amekaa kitandani, hina mpaka viwikoni, macho chini. Nikafikiri ataona haya kusema. Akainua jicho moja, akanitazama miguuni.

"Leo vinajuana," akasema.

Wallahi, sijawahi kuwa na furaha kama ile tena.

Wewe uliyezaliwa juzi huenda huijui fungate ilivyokuwa. Bwana harusi alikaa siku saba kwa wakwe, hatoki. Aliyeruhusiwa kuingia ni somo peke yake, yule mwanamke mtu mzima aliyemfunda bibi harusi, na yeye ndiye aliyeleta chakula. Na chakula kile kilikuwa heshima ya nyumba nzima. Sinia ikirudi jikoni na chakula, ni kama umewatukana waliopika. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, vitumbua, chai ya maziwa. Kabla ya adhuhuri, halua na kahawa. Mchana biriani. Alasiri kaimati zinazotiririka shira na sharubati ya baridi. Jioni mikate ya mofa na nyama. Ile hila yangu ya kutokula tamu haikufika hata saa nne ya Jumamosi. Somo alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Bwana harusi, halua yetu ina mchanga?"

"La, somo, ni nzuri."

"Basi mbona inakutazama tu?"

Nikala. Zuhura akacheka, nikala tena ili acheke zaidi.

Jumapili kiu ikaanza. Nilimaliza kuzi la maji, likaletwa la pili, nikalimaliza. Nikawa mtu wa kwenda msalani na kurudi, kwenda na kurudi. Jikoni wakalipata la kusema. Nilimsikia somo akiwaambia wenzake, makusudi ili nisikie, "Huyu tumeozeshwa mume au ngamia?" na mwingine akamjibu, "Ngamia hunywa akahifadhi, huyu anamwaga yote!" Vicheko mpaka uani. Na mimi nikacheka nao, ulimi umenikauka kama kipande cha kiatu.

Alasiri ile Zuhura akaja akakaa karibu yangu, akanishika mkono. Hakuwa na mzaha.

"Una nini, Bakari? Niambie. Tuko wawili tu."

Mwanangu, pale nilifunguliwa mlango kwa mara ya pili. Mjomba hakuwepo. Hakuna aliyenitisha. Alikuwepo mke wangu peke yake, akitaka kujua.

"Joto tu la Kisauni hili," nikamwambia.

Akaniachia mkono taratibu, akaenda kunipepea.

Jumatatu nikatapika kila nilichokula, tumbo likanikata kama kwa kisu. Shangazi wakasema ni husuda, mtu kanitia jicho siku ya harusi, wakafukiza ubani na udi mpaka chumba kikawa hakionekani. Jumanne asubuhi nilikuwa napumua kama mtu aliyepanda mnazi mbio. Nilisikia watu, lakini maneno yalikuwa mbali. Tayari walikuwa wamemtuma mtu aende akamwite mtaalamu wa kuandika makombe, zile aya zinazooshwa mgonjwa akanywa.

Aliyeniokoa ni Bibi Mwanakombo, bibi yake Zuhura, mzaa baba. Ajuza wa jicho moja, anatembea na mkongojo. Saa tano hivi aliingia msalani kwetu kutafuta ndoo, akakuta kitu. Tangu Jumapili nilikuwa nakwenda mle mbio mbio, mkojo mwingine ukimwagika kando, na sakafu ilikuwa ya saruji, na penye saruji ile sasa palikuwa na sisimizi. Hawakuwa wawili watatu. Walikuwa safu, wametoka dirishani wakateremka ukutani mpaka sakafuni, wamekusanyika pale kama wamealikwa karamu. Bibi akasimama akawatazama. Kisha, mila au si mila, akausukuma mlango wa chumba cha maharusi kwa mkongojo wake, akainama juu yangu, akaninusa mdomo.

"Ananuka embe lililovunda," akasema. "Zimeni ubani wenu! Kaka yangu alikufa hivihivi, na sisi tukifukiza hivihivi. Huyu ana sukari! Wewe mtoto, una sukari?"

Zuhura alikuwa amenishika kichwa. Nikafumbua macho, nikaona uso wake juu yangu, nikaitikia kwa kichwa. Ndivyo mke wangu alivyopata habari.

Nikikumbuka kilichofuata nacheka na kulia kwa pamoja. Gari halikuwepo mtaani, basi wakanitia kwenye mkokoteni wa muuza maji, katikati ya madebe, na kanzu yangu ya harusi na kofia imenikaa upande. Mwenye mkokoteni mbele akivuta, shemeji nyuma wakisukuma, wanawake wakikimbia na buibui zao, Bibi Mwanakombo akipiga mkongojo chini na kuamrisha kama nahodha. Na watu wa njiani, wakiona bwana harusi anakokotwa na jamaa zake, wakadhani ni mzaha wa fungate! Wakapiga vigelegele. "Hongera! Hongera bwana harusi!" Mmoja akanirushia maua ya asumini. Mimi nakufa, na Kisauni nzima inanishangilia. Barabarani tukapata pikapu iliyobeba madafu, mwenyewe akayashusha yote chini bila kuulizwa mara mbili, tukavuka daraja mpaka kisiwani.

Dawa yangu wakati huo ilikuwa Bofu, baridi na salama kwenye mchanga wake. Maji mawili kati yetu, ya daraja na ya feri.

Nilizinduka Jumatano, mpira wa maji mkononi. Aliyekuwa kando ya kitanda alikuwa Sista Kadzo, ameongezeka mvi.

"Makuli wako uliwapa likizo ya harusi?" akaniuliza. Kisha akageuka dirishani, akajifuta macho na kona ya aproni. "Mjinga wewe. Nirudishie nilivyokufundisha."

Nikamrudishia. Neno kwa neno.

Baba mkwe alikuja adhuhuri. Hakupaza sauti. "Ugonjwa unatoka kwa Mungu," akasema, "hilo sina neno nalo. Ningekupa binti yangu na sukari yako. Lakini niliuliza, nikajibiwa uongo mbele ya kahawa yangu, na wewe ukaja ukala chumvi ya nyumba yangu juu ya uongo ule. Uamuzi nimemwachia yeye."

Zuhura aliingia baada yake. Hina ilikuwa bado nyekundu mikononi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikaanza na mjomba.

"Mjomba ndiye aliyesema..."

"Mjomba hakuwa chumbani Jumapili," akanikatiza. "Nilikuuliza tukiwa wawili. Nilikushika mkono." Akaitazama hina yake. "Ningejifunza, Bakari. Kuchemsha, kudunga, kupima, ningejifunza yote. Mimi si mtu wa kuogopa sindano. Lakini sisimizi walijua kabla yangu. Wadudu wa msalani walijua, mimi mkeo sikujua. Sasa nitakaaje na wewe, nikikuuliza jambo niwe napeleleza sakafu?"

Nikamwomba msamaha, akanisamehe, na msamaha wenyewe aliutoa kwa moyo. Lakini nyumbani hakurudi nami. Nikatoa talaka aliyoiomba.

Habari hazikai Kisauni. Kufika mwisho wa mwezi nilikuwa na jina jipya, na lilivuka feri kabla yangu: Bwana Sisimizi. Vijana wakiniona wananiuliza leo wageni wangu wamefika wangapi. Nilijifunza kuwajibu kwa utani, na kila aliyeniuliza kuhusu sukari nikamweleza ukweli wote, na meli, na makuli. Niliposa mara mbili nyingine, na mara zote nilianza na ugonjwa wangu kabla hata ya salamu kukauka. Wazee walisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja angeuliza, "Si wewe yule...?" nami nikasema ndiye. Hawakuogopa sukari. Waliogopa mtu aliyewahi kulala kwa wakwe na uongo.

Lakini sikukuita hapa nikuhuzunishe! Nimeshika kalamu kwa sababu ya jambo la Jumamosi iliyopita, na tangu Jumamosi hiyo sijatulia kitini.

Sisi wenye sukari tunakutana kila mwezi kwenye ukumbi mmoja Mikindani. Mimi huenda kama mzee wa kikao, maana si wengi wanaoweza kusema wamejidunga zaidi ya miaka hamsini na bado wanatembea kwa miguu yao miwili. Jumamosi hiyo alikuwepo msichana wa kidato cha nne, Rukia, mchezaji mpira, jezi mwilini na magoti yana vumbi. Mkononi kabandika kidude cha duara kama kifungo cha koti. Anakigusisha simu, simu inamwambia sukari yake palepale! Hakuna moto, hakuna maji ya buluu. Nilimwomba anionyeshe mara tatu. Kisha akatoa kalamu ya insulini begini, akainua ncha ya jezi, akajidunga tumboni mbele ya ukumbi mzima huku akiendelea kumweleza mwenzake jinsi alivyofunga penalti. Hakugeuka ukutani. Hakushusha sauti. Nilitaka kusimama nimpigie makofi.

"Babu," akaniambia, "ni kweli mlikuwa mnachemsha sindano? Kama yai?"

"Kama yai, mjukuu wangu."

"Na timu yako ilikuwa inajua?"

"Hapana."

Akashangaa kweli. "Sasa ukianguka uwanjani nani angekupa glukosi? Mimi timu yangu yote inajua. Golikipa ndiye anayenibebea peremende."

Nyuma yake kulikuwa na bibi kizee akimfundisha mama mmoja wa Bofu, ambaye mtoto wake ameanza kuugua sukari juzi tu, namna ya kubana ngozi kwa vidole viwili kabla ya kudunga. "Usiogope. Hivi. Hesabu mpaka kumi ndipo utoe." Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Niliijua mikono ile kabla sijauona uso. Alipoinua kichwa hakushtuka. Akanitazama miguuni kwanza.

"Bado vinajuana," akasema.

"Zuhura."

"Rukia ni mjukuu wangu. Ana sukari tangu ana miaka sita." Akaifunika kalamu ya mazoezi, akairudisha kisandukuni. "Nilijifunza, Bakari. Si nilikwambia ningejifunza."

Basi hiyo ndiyo habari yangu, na sasa nikwambie nililokuja kukwambia. Kama una ugonjwa huu, mwanangu, sindano yako usiikose hata siku moja, si kwa harusi, si kwa safari, si kwa sababu leo hukula kitu. Hata ukiugua ukawa huwezi kula, usiiache. Nenda kliniki wakuambie udunge kiasi gani. Mtu akikwambia acha kula tamu tu itatosha, mweleze habari za ini na ghala lake. Dawa yako ikae mahali pa baridi, isipigwe na jua wala isigande barafu, na ukiondoka nyumbani iondoke nawe. Beba kitu kitamu mfukoni, maana sukari hupanda na pia hushuka, na ikishuka haikupi muda wa kutafuta. Tazama miguu yako kila jioni kama mama anayemtazama mtoto. Na zaidi ya yote, wenzako wajue: anayelala nawe, anayecheza nawe, anayefanya kazi nawe. Mfundishe mmoja wao kudunga. Na akitokea mtu mzima unayemheshimu, anayekupenda kwa dhati kama mjomba Athmani alivyonipenda, akakwambia ufiche, mwamkie, mpe shikamoo yake yote, kisha mwambie hapana.

Na wewe usiye na sukari, ukiambiwa na mtu kwamba anayo, usicheke. Muulize unaweza kumsaidiaje.

Mungu akupe umri mrefu na mwili mtiifu, akupe watu wanaokujua na wakakaa nawe, na siku utakayoulizwa "Una nini?" akufungue ulimi hapohapo. Mimi ulimi wangu ulifungwa Alhamisi moja, na kwa ajili hiyo nilimpoteza Zuhura, sikuoa tena, na wewe ninayekuita mwanangu nakuita hivyo kwa sababu sikuzaa. Hakuna mtoto aliyewahi kuniita baba.